Kiti Kibovu si Takataka

Ndugu msomaji, hebu siku moja pita nyuma ya bohari ya shule yetu. Utaona kilima cha viti vya kuzunguka vilivyotoka majilisi na afisini kwa karani, meza zilizovunjika miguu na makabati yasiyo na milango. Nyasi zimeota katikati yake na kuku wamefanya makao. Huku darasani wenzetu wawili hubanana kwenye kiti kimoja, na mwalimu wetu mmoja husahihisha madaftari akiwa ameketi juu ya kiti alichokifunga kwa kamba. Je, haya si maajabu ya Musa?

Wengi husema ati vitu hivyo ni vikuukuu, vichomwe tu. Mimi nakataa katakata. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa jua kali anayenunua viti vya afisi mnadani. Nilijionea akifungua viti vitatu vibovu akapata viwili vizima. Kimoja kilikuwa kimevunjika magurudumu, cha pili hakipandi wala hakishuki, cha tatu kimeraruka kitambaa. Bolti zilifunguka kwa spana, vipande vikahamishwa, kazi ikaisha, bwana! Lakini alipoletewa meza ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, alitikisa kichwa. Ilikuwa imenyeshewa, ikafura kama andazi, na skrubu hazikushika tena. "Mpwa wangu," aliniambia, "hii iliuawa siku ile ile ilipotengenezwa."

Maneno hayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Siku hizi twasikia habari za uchumi wa mzunguko, yaani kukitumia kitu, kukitengeneza, kumpa mwingine akitumie, na mwishowe kuvifanya vipande vyake kuwa kitu kipya. Watu hudhani mzunguko huo huanza kitu kikishaharibika. La hasha! Maisha ya pili ya kiti huamuliwa siku kinapoagizwa. Kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilitoa mwaka 2003 kiti kiitwacho Mirra, kilichobuniwa tangu mwanzo ili kifunguke kwa urahisi na vipande vyake vitumike tena. Lakini nchini humo humo, mwaka 2018, zilitupwa tani zaidi ya milioni 10 za fanicha, na yapata asilimia 80 zikaishia kufukiwa. Kama tajiri anafukia mali hivyo, sisi maskini tumwige kwa lipi?

Kuna watakaosema kosa ni la mwalimu mkuu. Jameni, tusimwonee. Mali ya shule ya umma haiuzwi kiholela. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 yataka kamati iikague kwanza, kisha ihamishiwe taasisi nyingine ya umma, au iuzwe kwa zabuni au mnada. Hata hivyo, sheria hiyo haikusema viti vioze mvuani kamati ikingojwa. Isitoshe, sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 yampa mtengenezaji wajibu juu ya bidhaa yake hata ikishachakaa. Basi mbona sisi wanunuzi tunanyamaza?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, vitu hivyo viingizwe chini ya paa leo, si kesho. Pili, kila muhula kamati ivikague, na vinavyotengenezeka aitwe fundi avitengeneze. Sisi wanafunzi tutapiga msasa na kupaka rangi, mikono tunayo. Tatu, na hili ndilo kubwa, shule ikiagiza fanicha mpya imwulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: Je, inafunguka kwa spana? Vipuri vyake vinapatikana mjini? Akibabaika, atafutwe mwingine, hata kama bei yake iko chini. Rahisi ghali.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko pale nyuma ya bohari, na kila mvua ikinyesha unapanuka. Wakija wanafunzi wapya mwakani, wataketi wapi?