Filamu isiyo na makelele

Jumapili jioni hapa Mlali tuliegemeza simu kwenye ndoo tukaangalia "Pumzi", filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009. Ni dakika 20 na ushee tu. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi wamejifungia ndani, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Asha anapata udongo, anapanda mbegu, inaota. Maneno ni machache mno.

Kijana wangu wa kidato cha pili aliondoka mapema. "Hakuna hata anayepigana, mama." Mimi mwenyewe nilipiga miayo. Mama mkwe, ambaye Kiingereza hajui, ndiye aliyeielewa upesi. Alipoona jasho linakingwa kwenye chupa akasema, "Huyu angewezana na kiangazi chetu." Tukacheka.

Halafu Asha anatoka nje, jangwani, na kuumwagia mche maji yake ya mwisho. Binti yangu wa miaka 11 akauliza, "Na yeye atakunywa nini?"

Nikamjibu kuwa ni filamu tu. Akanyamaza.

Usiku, tukiosha vyombo, akaniambia kwamba kiangazi kilichopita, kisima kilipopungua, alikuwa hanywi maji shuleni. Chupa niliyomfungia asubuhi alimrudishia mdogo wake. Wazazi wenzangu, chupa ile nilikuwa naiona ikirudi imejaa, siku baada ya siku. Nilidhani hakusikia kiu.