Usukani wa Mchezo na Somo la Vipimo

Wako walimu wengi wanaoamini kwamba mashine ya mchezo haina nafasi katika maabara ya shule. Hoja yao si ngeni: mchezo hupoteza wakati, na wakati wa mwanafunzi ni mchache. Sipingi kwamba kucheza hupoteza wakati. Ninachopinga ni kuchanganya kuicheza mashine na kuiunda. Kuunda mashine moja tu ya mbio za magari, kwa mbao na usukani uliokwisha kutumika, humlazimisha mwanafunzi kujibu swali ambalo vitabu vyetu hulipita upesi mno: chombo cha kupimia kinapima nini hasa?

Mwaka 1974 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10, mchezo wa mbio za magari uliokuwa na usukani, gia na kanyagio mbili katika kasha refu la kusimama. Mwaka 1982 Namco ya Japani ikatoa Pole Position, na mwaka 1986 Sega, ya Japani vilevile, ikatoa Out Run. Makasha hayo yaliwekwa katika kumbi za michezo, na mchezaji alilipa kwa sarafu. Kila mashine ilikuja na usukani wake uliotengenezwa kwa ajili ya saketi yake, na hapakuwa na haja ya usukani wa mashine moja kuelewana na mashine nyingine.

Haja hiyo imezuka kwa waundaji wa nyumbani. Tangu mwaka 1997 ipo programu iitwayo MAME, ambayo huiwezesha kompyuta ya kawaida kuiga mwenendo wa mashine hizo za zamani. Huko Ulaya na Marekani wako watu, aghalabu mafundi wa jioni wenye kazi nyingine mchana, ambao huunda kasha la mbao, wakatia kompyuta ndani yake, kisha wakafunga usukani wa michezo ya nyumbani, ule unaobanwa ukingoni mwa meza. Hutaka kasha moja na usukani mmoja viendeshe michezo yote. Hapo ndipo ugumu unapoanza, na kwa maoni yangu ndipo somo nalo linapoanza.

Usukani wa Out Run una vizuizi. Hauzunguki duara kamili. Mhimili wake huzungusha potentiometa, yaani kinzani yenye ncha mbili na kiguso kinachoteleza baina yake. Ncha moja ikiwa kwenye volti 0 na ya pili kwenye volti 5, volti ya kiguso hueleza mahali usukani ulipo. Volti 2.5 ni katikati, na gari hunyooka. Izime mashine, uiwashe tena baada ya mwezi: volti ileile itakueleza mahali palepale.

Usukani wa Pole Position ni kitu kingine kabisa. Huzunguka bila kikomo. Mwendo wake husomwa kwa sahani yenye nafasi nyembamba kandokando. Taa ndogo huangaza upande mmoja, na vitambuzi viwili vya mwanga hukaa upande wa pili. Sahani inapozunguka, vitambuzi hupata mwanga na giza kwa zamu, na saketi huhesabu. Vimepangwa hivi kwamba kimoja hupishana na mwenziwe kwa robo ya zamu. Kile kinachotangulia ndicho kinachoeleza kama mkono umekwenda kulia au kushoto. Usukani wa namna hii haujui uko wapi. Hujua tu umesogea kiasi gani.

Basi jaribu kuzibadilisha. Ukiweka potentiometa mahali pa sahani, mkono utagonga kizuizi ilhali mchezo ungali unataka uzungushwe. Ukiweka sahani mahali pa potentiometa, hesabu chache zikipotea kwa kuzungusha kwa kasi, katikati itahama, na gari litavutwa upande mmoja hali usukani umenyooka. Bisibisi haitaondoa kasoro hiyo. Ni lazima fundi atambue kwanza kama mchezo unauliza mahali au unauliza mwendo.

Kuna suala la pili, nalo ni la hesabu. Makasha mengi ya enzi ile yaliridhika na mzunguko wa nyuzi 270 hivi. Sukani za nyumbani zilizofuata, mathalan Logitech G25 ya mwaka 2006, huzunguka nyuzi 900, yaani mara mbili na nusu. Anayeufunga usukani wa nyuzi 900 bila marekebisho hulazimika kuzungusha zaidi ya mara tatu ili gari litii. Wengi huamua kutumia nyuzi 270 za katikati tu. Tuseme mwendo wote unapimwa na potentiometa kupitia gia, na saketi huigawa volti katika hatua 1024. Nyuzi 270 ni asilimia 30 ya 900. Hivyo hubaki hatua 307 hivi, kila moja karibu nyuzi 0.9. Hiyo yatosha. Lakini saketi ikiwa ya hatua 256, hubaki hatua 77, kila moja nyuzi 3.5, na gari litarukaruka katika kona. Sijui zoezi la uwiano lililo bora kuliko hili, kwa sababu jawabu lisilo sahihi huonekana mbele ya macho.

Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni wanaoandika kanuni ya kugawa volti bila kosa, lakini ukiwapa potentiometa mkononi huuliza miguu mitatu ni ya nini. Hilo si kosa lao. Wamefundishwa alama ya karatasini, nasi tumeridhika na alama za mtihani.

Vifaa si ghali. Potentiometa hupatikana katika redio mbovu. Sahani yenye nafasi pamoja na vitambuzi vyake imo ndani ya kila kipanya cha kompyuta cha zamani chenye gololi, navyo havina kazi tena. Mbao na seremala tunao. Jambo moja tu la umekanika lizingatiwe: mkono ukivuta ukingo wa usukani wenye nusu kipenyo cha sentimita 14 kwa nyutoni 100, mhimili hupokea nyutoni-mita 14. Mzigo huo uchukuliwe na beringi zilizofungwa kwenye ubao mnene. Potentiometa kazi yake ni kupima. Ikibebeshwa mzigo itavunjika. Na skrini ya zamani ya kioo kinene isifunguliwe na mwanafunzi hata kama imechomolewa ukutani, kwa kuwa huweza kuhifadhi maelfu ya volti.

Kabla ya kukata ubao wowote, ningependa mwalimu awape wanafunzi potentiometa mbili, moja ya kawaida na moja ya kurekebishia sauti ya redio, wapime volti kila baada ya nyuzi 15, kisha wachore grafu. Ya kwanza itatoa mstari ulionyooka. Ya pili, ikiwa ya logarithimu kama zilivyo nyingi za sauti, itatoa mstari uliopinda. Wawaze, kabla ya kuambiwa, gari lingekwendaje kwa usukani wa potentiometa ile ya pili.