Ukimwokoa Bata, Usiende Zako

Wahenga walinena, "Tenda wema, nenda zako." Sithubutu kubishana na wahenga, lakini nimejifunza kwamba kwa kifaranga wa bata neno hilo halifai. Ukienda zako, atakufa.

Mvua za masika mwaka huu zilipofurika katika bonde la mafunjo lililo chini ya shule yetu, wavulana wa bweni letu waliokota vifaranga wawili wa bata. Kunguru walikuwa wamekwisha kuwachukua wenzao, na mama yao hakuonekana. Tulishangilia sana. Mimi, kwa kuwa ni mkubwa wao, nilijifanya mjuzi: nikawatia katika karai la maji baridi, nikawapa mkate wa chai. Je, bata si ndege wa maji? Kulipokucha, mmoja alikuwa amekufa. Kunguru hakumwua, nilimwua mimi, kwa huruma isiyo na elimu.

Mwalimu wetu wa Kilimo hakunigombeza, alinieleza tu. Kifaranga yatima, asiye na mama wa kumkausha na kumpasha joto, hulowa upesi na kupoa. Juma la kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hivi, kisha hupunguzwa nyuzi 3 kila juma. Maji yake yatoshe kuzamisha mdomo na pua azisafishe, lakini yasimzamishe mwenyewe. Mkate hujaza tumbo bure. Tena bata ahitaji vitamini iitwayo niasini kuliko kifaranga wa kuku. Akiikosa, miguu hupinda. Basi yule aliyesalia tulimsagia dagaa, tukachanganya na chakula cha vifaranga. Wala hatukumwinua kwa miguu, maana miguu ya bata ni dhaifu.

Wako wenzetu wasemao kwamba huo ni upuuzi, bata ni kitoweo. Siwalaumu, hata mimi nyumbani nala bata sikukuu. Lakini hata yule ambaye mwisho wake ni chungu, yafaa asiteswe angali hai.

Wengine, hasa wadogo, wampenda kupita kiasi. Wampokezana mikononi mchana kutwa, wataka alale bwenini. Hao nao wakosea. Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba kifaranga wa bata bukini humfuata yule amwonaye kwanza, akimdhania mama. Bata wetu naye alianza kutufuata hata mlangoni mwa darasa. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka. Shule itafungwa, nami nitakuwa nimemaliza Kidato cha Sita. Atamfuata nani?

Kwa hiyo natoa shauri. Kwanza, asiokotwe kifaranga ambaye mama yake yu karibu. Pili, anayeokotwa aandikiwe zamu, pamoja na siku za likizo, kabla hajapewa jina. Tatu, akiisha kuota manyoya apelekwe kwa bata wenzake, maana bata ni ndege wa kundi.

Wetu tulimpeleka kwa mama mmoja jirani wa shule, akatengwa majuma mawili asije akawaambukiza wengine maradhi. Siku ya kwanza alipofunguliwa alitufuata mpaka mwisho wa ua. Siku ya nne alitutazama, akageuka, akawaandama bata. Iliniuma kidogo. Lakini siku hiyo, ndugu zangu, ndipo nilipokwenda zangu.