Farasi chotara ni mzuri, lakini ni wa kazi gani?



Katika mkutano wetu, kijana mmoja alituonyesha kwenye telefone picha ya farasi anayeruka vizuizi. Akasema: "Tuchange franga, tununue mmoja kama huyu, atuvutie mkokoteni." Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu ni hizi.

Farasi wa namna ile ni chotara wa michezo. Kwa mfano, kule Ireland wanapandisha jike la kazi, lenye mifupa minene na roho tulivu, kwa dume la mbio la aina ya Thoroughbred. Mtoto anapata nguvu na utulivu upande mmoja, mbio na pumzi upande wa pili. Wale wafugaji walijua kazi kwanza, kisha wakachagua wazazi.

Na sisi kazi yetu ni ipi? Ni kutoa mahindi na mboga shambani mpaka soko ya Kenya, katika mashimo na matope ya mvua, tangu mwezi wa 11 mpaka wa 4. Kazi hiyo haiombi mbio wala kuruka.

Tena, farasi wa kilo 500 anamaliza karibu kilo 10 za chakula kikavu kila siku. Akifanya kazi ngumu anataka na nafaka. Nani atamlisha, na mahindi ya nani?

Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu. Unaweza kuua farasi 9 kati ya 10 wasiochanjwa. Punda wengi wanaupata na kupona. Nyumbu, mtoto wa punda dume na farasi jike, anavumilia kuliko farasi, lakini hazai.

Sikatai uchotara, hata mahindi chotara tunapanda. Ninakataa kununua sura. Franga ya koperative ni jasho la wote, na farasi akikufa hairudi.

Basi tufanye hivi: tutengeneze kwanza kinga na mikokoteni tuliyo nayo. Halafu tumuulize munganga wa nyama kama punda wawili wataishi vizuri hapa kwetu. Akikubali, mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga.