Mkanda Ndio Mfupi

Kuna uongo umezoeleka mno hapa Moshi: kwamba mtu mnene ni mvivu. Unasemwa kwenye daladala, unasemwa msibani, unasemwa hata mezani, mnene mwenyewe akiwa na sahani mkononi. Ni uongo, na unaumiza watu.

Anayeuamini apande Marangu Mtoni siku ya soko. Atakutana na kina mama wa miili mikubwa wakiteremka na mikungu ya ndizi kichwani. Wameamka gizani, wamemkatia ng'ombe majani, wamekamua, kisha ndiyo wameanza safari. Anayewaita wavivu ajitwishe mkungu mmoja tu, afike nao sokoni.

Sisi Wachagga ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuusema uongo huu. Kwa mila yetu mama aliyejifungua hulishwa mtori, maziwa na nyama kwa miezi mitatu. Zamani, siku ya kutoka ndani alisindikizwa sokoni kwa nyimbo kama za askari aliyerudi vitani, na mwili wake ulionawiri ulikuwa sifa ya nyumba iliyomtunza. Leo mwili huohuo tunauita bonge, na tunausonya ukitafuta siti kwenye Hiace.

Kibaya zaidi, dharau hii imeingia kwenye vipimo. Dada yangu alikwenda zahanati kupima presha. Mkanda wa kipimo ulifunguka mara mbili. "Mama, mkono wako umezidi," akaambiwa. Ukabanwa kwa nguvu, namba ikaandikwa, akaondoka na mahubiri ya kupunguza kula. Hajarudi tena.

Mkono wake haukuzidi. Mkanda ndio mfupi, na mkanda mfupi husema uongo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulionesha kwamba watu wanaohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakifungwa ule wa kawaida, presha yao ya juu husomeka karibu 20 zaidi ya ilivyo.

Hata BMI, hesabu ya uzito kwa urefu inayowasha rangi nyekundu kwenye programu za simu, chimbuko lake si hospitali. Adolphe Quetelet, Mbelgiji mtaalamu wa falaki na takwimu, aliibuni hesabu hiyo miaka ya 1830 akitafuta wastani wa watu wengi. Jina la BMI likaja mwaka 1972. Hesabu ya umati tumeigeuza hukumu ya mtu mmoja, na haijui amebeba nini kichwani wala amelala saa ngapi.

Simu hiyohiyo ingeweza kumfaa dada yangu. Imkumbushe dawa. Imtunzie kumbukumbu za presha na sukari bila kumkemea. Imwoneshe zahanati yenye mkanda unaomtosha na kiti kisicho na mikono ya kumbana. Wanaotengeneza programu wakae kwanza na wenye miili hiyo, wawasikilize, ndipo waandike.

Utaniambia unene unaweza kuchangia kisukari na presha. Ni kweli. Ndiyo maana nataka dada yangu apimwe, tena apimwe sawasawa. Masimango hayajawahi kushusha presha ya mtu. Aliyopewa yeye yalimfukuza kwenye kipimo.

Kwa hiyo, kabla ya kubandika bango jingine la kukemea vitambi, kila zahanati kuanzia mjini hadi Rombo inunue mkanda mkubwa. Siku mkanda huo utakapofika, nitamsindikiza dada mimi mwenyewe.