Jasho la Mkulima Si Zawadi ya Ikulu



Kila mara nchi hii inapofilisiwa, wa kwanza kuambiwa avumilie ni yule ambaye hakula. Tuliliona hilo mwaka 1991 na tunaliona leo. Tangu 2019 wakubwa wa wizara, wa Hazina Kuu na wale wanaotukopesha wamekuwa wakinong'ona, na mara nyingine wakisema kwa sauti, kwamba vyuo vikuu vya umma vimekuwa vingi mno, kwamba vile vilivyo mbali na Nairobi ni mzigo, kwamba heri viunganishwe mpaka hesabu ikubali. Sisi hatuna ugomvi na hesabu. Ugomvi wetu ni na wale wanaoanza kuhesabu katikati ya daftari, baada ya kurasa za mwanzo kunyofolewa. Basi na tuzirejeshe kurasa hizo mahali pake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Nairobi. Wananchi wa mashambani hawakukaa wakingoja hisani. Walichanga. Nyeri, wakulima wa kahawa walitoa sehemu ya malipo ya mazao yao, na mwaka 1972 kikazaliwa Chuo cha Ufundi cha Kimathi. Kakamega kukaanzishwa chuo kilichojulikana kwa jina la WECO. Murang'a, Meru na Ukambani nako watu wakafanya vivyo hivyo. Mwenye ng'ombe alitoa ng'ombe. Mjane aliyekuwa na kuku mmoja alimleta uwanjani, akanadiwa, na shilingi zake zikaandikwa kitabuni pamoja na za matajiri. Walichokitaka hakikuwa fumbo: mtoto ajue kuunganisha nyaya za umeme, kuchomelea vyuma, kufumua injini na kuirudisha, kupima ardhi na kutunza mifugo, kisha arudi alikotoka akafanye kazi hiyo miongoni mwa waliomsomesha.

Vyuo hivyo viko wapi leo? Kile cha Kimathi ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. WECO ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Chuo cha kilimo cha Kilifi kimekuwa Chuo Kikuu cha Pwani, na politeknia za Nairobi na Mombasa nazo zimevikwa joho. Mwaka 2012 tulikuwa na vyuo vikuu vya umma 7. Ilipofika Machi 2013 vilikuwa 22, na hati nyingi zilitolewa katika wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 mwezi huo. Sherehe baada ya sherehe, hotuba baada ya hotuba, na katika kila hotuba wananchi waliambiwa washukuru.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba watu wa Kilifi, Kitui au Bondo hawakustahili chuo kikuu. Walistahili, tena walicheleweshewa haki yao. Pwani nzima, yenye bandari inayolisha nchi hii na majirani zake, haikuwa na chuo kikuu cha umma chenye hati yake mpaka mwaka 2013, miaka 50 baada ya uhuru! Tunalolikataa ni kudhani kwamba chuo kikuu hujengwa kwa kubadilisha kibao langoni. Karakana zilibaki zile zile. Maabara ambazo hazikuwapo hazikushuka kutoka mbinguni. Kilichopatikana upesi ni madarasa ya kozi zisizohitaji mashine, maana mwalimu, ubao na chaki vilitosha. Fundi akapungua, na mwenye shahada isiyo na kazi akaongezeka. Kisha serikali hiyo hiyo ikagutuka kwamba nchi haina mafundi, ikaanza kujenga vyuo vya ufundi vipya na kununua mashine kwa kodi na kwa mikopo ya nje. Mkulima aliyekwisha kulipia chuo cha ufundi kwa kahawa yake akalipishwa mara ya pili kwa unga na mafuta ya taa.

Na fedha za kuviendesha vyuo hivyo zilitoka wapi? Hapo ndipo kurasa nyingine zilipochanwa.

Mwaka 1991, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, mwanafunzi wa chuo kikuu aliambiwa achangie gharama, na posho aliyoitegemea ikaondolewa. Waliogoma walitawanywa kwa marungu na vyuo vikafungwa. Tuliambiwa Hazina ni tupu. Lakini ilikuwa miaka hiyo hiyo ambapo mabilioni ya shilingi yalichotwa katika kashfa ya Goldenberg, watu wakilipwa fidia ya kuuza nje dhahabu ambayo haikuwapo. Hazina haikuwa tupu. Ilikuwa na tundu, na waliolitoboa walijulikana.

Kuanzia 1998 vikaja vile vinavyoitwa masomo sambamba. Mwenye fedha alisoma jioni na wikendi, na chuo kikapata cha kujaza pengo lililoachwa na serikali. Ilikuwa neema ya muda, na kama ilivyo kawaida ya neema ya muda, ililewesha. Vyuo vikatapakaa katika kila mji, vikakodi ghorofa juu ya maduka, darasa likawa ukuta mmoja na baa. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilikiamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi 10 kati ya 13. Mwaka huo huo udanganyifu wa mitihani ulibanwa, na watahiniwa waliopata alama ya C+ kwenda juu wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000. Wote wakapata nafasi kwa ufadhili wa serikali, wengine wakapelekwa vyuo vya binafsi kwa fedha za umma. Masomo sambamba yakanyauka kama mahindi yasiyopata mvua. Serikali nayo ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi. Kufikia 2022 ilikuwa ikitoa karibu na nusu tu. Karo ya mwanafunzi ilibaki shilingi 16,000 kwa mwaka, kama ilivyokuwa tangu enzi za Moi. Ndugu msomaji, hata mwenye kibanda cha chai angeliona deni likija.

Nalo likaja. Madeni ya vyuo vikuu vya umma yakapita shilingi bilioni 60. Baya kuliko yote, sehemu yake ni fedha zilizokatwa katika mishahara ya wafanyakazi, za pensheni na za kodi, ambazo hazikupelekwa zilikopaswa kwenda. Mtu anakatwa, anaona katika karatasi yake ya mshahara kwamba amekatwa, anastaafu, anakuta hewa. Katika nchi nyingine kitendo hicho kina jina, na jina hilo si uhaba wa fedha.

Mwaka 2023 tukaletewa mpango mpya wa ufadhili, uliowagawa wanafunzi katika makundi kwa kukisia uwezo wa wazazi. Wazazi wengi wasio na kipato cha uhakika walilalamika kwamba watoto wao wamehesabiwa miongoni mwa wenye nacho. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Haikukata rufaa kwa haraka hiyo pale wahadhiri walipodai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Hao walilazimika kugoma mwaka 2024, na kugoma tena mwaka 2025 kwa siku 49, ndipo wakaahidiwa bilioni 7.9 zao kwa mafungu.

Sasa twarudi kwa wale wanaosema vyuo vya mbali ni mzigo. Mzigo kwa nani?

Nendeni Eldoret. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi hakikuwafungia wanafunzi wake ndani ya kuta. Kiliwapeleka wakakae katika vituo vya afya vya mashambani, wakajifunze maradhi mahali yanapoishi. Ukimwi ulipokuwa ukituzika kila Jumamosi, kitivo hicho, hospitali ya rufaa iliyo jirani yake na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana wakaanzisha mwaka 2001 mpango wa AMPATH, uliowafikishia dawa maelfu kwa maelfu ya watu wa Magharibi mwa Kenya. Je, mtu aliyerudi shambani kwake badala ya kwenda kaburini anahesabiwa katika safu gani ya daftari la Hazina? Nendeni Njoro. Egerton ilitoa mbegu za maharagwe za Chelalang, Tatton na Ciankui, zilizotafitiwa kwa ajili ya wakulima wa sehemu zenye mvua haba. Mkulima hakuhitaji kwenda Nairobi kuomba mbegu.

Halafu tazameni kisa cha Rivatex, maana kina funzo la pande zote mbili. Kiwanda hicho cha nguo cha Eldoret kiliajiri watu na kununua pamba tangu miaka ya 1970, kikauawa na usimamizi mbovu na mafuriko ya mitumba yaliyofuata soko huria la miaka ya 1990. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua. Wazo lilikuwa zuri: mwanafunzi wa uhandisi wa nguo apate mashine za kweli, mkulima wa Kerio apate soko, mji upate ajira. Mashine mpya zikaletwa kwa mkopo kutoka India, na mwaka 2019 rais akaja akakata utepe. Lakini pamba haikutosha. Waliokopa mamilioni ya kununua mashine hawakumfikiria mkulima aliyekwisha kung'oa mipamba yake zamani kwa kukosa malipo. Chuo kilifanya sehemu yake, serikali ikafanya sherehe. Hivyo ndivyo taasisi ya mashambani inavyoitwa mzigo: inapewa kiatu kimoja, kisha inachekwa kwa kuchechemea.

Na pale chuo kinaposimama, hakisimami peke yake. Oktoba 2024 Chuo Kikuu cha Moi kilipofungwa kwa muda usiojulikana, pale Kesses, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini Eldoret, mwenye nyumba aliyekopa benki kujenga vyumba vya wanafunzi hakufungiwa deni lake. Muuza mboga aliamka na mboga zake. Mwenye bodaboda alikaa stejini hadi jua likatua. Katika mji mkuu mgomo wa wahadhiri ni habari ya magazeti. Katika mji uliokua ukikizunguka chuo ni njaa ya wiki hiyo. Wanaotaka kufuta chuo kwa kalamu wajue kwamba wanafuta soko zima, katika kaunti ambazo hazina kiwanda cha kushika nafasi yake.

Hata hivyo tutakuwa wanafiki tukiilaumu Nairobi peke yake. Sisi wenyewe wa mashambani tumevitia vyuo hivi sumu. Septemba 2016 viongozi wa kuchaguliwa walikwenda Chuo Kikuu cha Moi wakiongoza watu kumpinga kaimu makamu wa chansela kwa kuwa hakuwa mwana wa eneo hilo. Hawakuuliza kama ni mwizi. Hawakuuliza kama ni mjinga. Waliuliza ukoo. Na si Eldoret pekee. Kila palipo na chuo pana wazee wa kwetu wanaoamini kwamba kazi za chuo, kuanzia bawabu hadi mkuu, ni posho ya kabila lao. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Sheria hiyo ingalipo. Waliopaswa kuitii ndio wanaoirukaruka kama dimbwi. Chuo kinachoajiri binamu hakiwezi kumfundisha mgeni, na chuo kisichokuwa na mgeni hakistahili neno "kikuu".

Tulipodai vyama vingi tuliambiwa tunaleta fujo, tungoje nchi itulie kwanza. Leo twaambiwa tungoje uchumi utulie kwanza. Hatutangoja. Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha hawakuwa wa Nairobi tu. Eldoret, Nyeri, Kisii, Nakuru na Mombasa nako walikuwako, na wengi wao walikuwa na kitambulisho cha chuo mfukoni.

Twadai Hazina ivilipe vyuo ilivyoviahidi kabla ya kutamka tena neno kuunganisha. Twadai vyuo vilivyomeza taasisi za harambee virudishe kozi za ufundi, kwa mashine na walimu wake, wala si kwa jina tu. Twadai mabaraza ya vyuo yawe na viti vya vyama vya ushirika vya wakulima na wavuvi wa eneo lilipo chuo, maana waliotoa kahawa na kuku wana haki ya kuuliza. Na hesabu za kila chuo zibandikwe langoni, kwa lugha inayosomeka.

Mbunge atakapokuja kwenu katika vikao vya kusikiliza maoni juu ya bajeti, asiachwe amalize salamu. Aulizwe: kati ya fedha zilizopitishwa na Bunge kwa chuo chetu mwaka huu, zimefika ngapi, lini, na pensheni iliyokatwa kwa wafanyakazi wake iko benki gani? Asipojua, apewe siku saba arudi na jibu la maandishi. Jibu hilo tuleteeni. Tutalichapisha katika kurasa hizi pamoja na jina lake, na kama hakuna jibu, tutachapisha jina peke yake.