Mitambo ya Michezo ya Video Inapotutupa Mkono

Kwa muda sasa pamekuwa na mjadala mkali miongoni mwa wapenzi wa michezo ya video na wachunguzi wa biashara ulimwenguni: je, sekta ya mitambo ya kuchezea michezo hiyo imeanza kuporomoka kiuchumi? Kwa mtazamo wa haraka, mjadala huu unaweza kudhaniwa kuwa wa watu wa Tokyo na Seattle, usiotuhusu sisi wakazi wa Eldoret, mji ambao ulipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti mwaka wa 2024. Dhana hiyo si sahihi. Katika mitaa ya Langas, Huruma na Munyaka mna vibanda vya gemu ambavyo riziki ya wenyewe hutegemea mitambo hiyo, ambayo vijana wetu huiita yote PS, awe aliyeiunda ni Sony au mwingine. Mna vijana wengi ambao mkono wao wa kwanza kugusa kompyuta ya aina yoyote uligusa padi ya PS kibandani. Jambo linalowagusa hao linatugusa sote.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na desturi ya kazi yangu ni kuuliza neno lina maana gani kabla ya kulitumia. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kueleza kushuka kwa kitu. Ukuta huporomoka, soko hudorora, rangi hufifia, mfanyabiashara hufilisika. Kila neno lina hali yake, na wengi wanaoshiriki mjadala huu huyachanganya. Tuyapime moja moja.

Kuporomoka kwa kweli kuliwahi kutokea. Mwaka wa 1983 soko la michezo ya video nchini Marekani, lililokadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, lilianguka hivi kwamba kufikia mwaka wa 1985 lilibaki na takribani dola milioni 100. Kampuni ya Atari ilikuwa na shehena kubwa ya kaseti zisizonunuliwa, ikazipeleka jangwani Alamogordo, katika jimbo la New Mexico, ikazizika. Wapo waliodhani kwamba huo ulikuwa mtindo wa kupita na kwamba umekwisha. Kumbe Nintendo ya Japani ilikuwa njiani, na mtambo wake ulipoingia Marekani mwaka wa 1985 biashara ilifufuka. Kaseti zenyewe zilikuja kufukuliwa mwaka wa 2014.

Kufilisika nako sisi wa Eldoret hatuhitaji kuhadithiwa. Tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, ambacho kiliajiri watu wengi na kununua pamba ya wakulima wetu. Soko lilipofunguliwa na nguo za mitumba zikafurika nchini, pamoja na matatizo mengine ya usimamizi, kiwanda kikafilisika. Mashine zilinyamaza kwa miaka hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka wa 2007. Mwenye kuyajua hayo anajua sura ya biashara iliyokufa: lango lenye kufuli na wafanyakazi wasio na pa kwenda.

Je, hiyo ndiyo sura ya sekta ya michezo ya video? La hasha. Nintendo ilipotoa mtambo wake wa Switch 2 mwezi Juni mwaka wa 2025, iliuza zaidi ya milioni 3.5 katika siku 4 za kwanza. Sony nayo ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 84 za PlayStation 5 kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo. Mwezi Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Maiti haiposwi kwa mahari ya namna hiyo.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Wanaolia kwamba mambo yameharibika hawakosi ushahidi. Mwezi Januari 2024, miezi mitatu tu baada ya ununuzi huo, Microsoft ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 katika kitengo chake cha michezo. Mwezi uliofuata Sony ikatangaza kuwaachisha kazi watu wapatao 900 na kuifunga studio yake ya London. Mwezi Agosti mwaka uo huo Sony ilitoa mchezo uitwao Concord, uliokuwa umetayarishwa kwa miaka mingi. Baada ya majuma 2 ukaondolewa sokoni na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Gharama nazo zimepaa. Hati zilizowasilishwa mahakamani nchini Marekani mwaka wa 2023 zilionyesha kwamba mchezo mmoja tu, The Last of Us Part II, uligharimu takribani dola milioni 220. Mchezo wa gharama hiyo sharti ununuliwe na mamilioni ya watu ndipo urudishe mtaji, na ukikosea hatua moja huzama na watu wake.

Basi hali hii si kuporomoka wala si kufilisika. Wengine wataiita kudorora. Mimi naona liko neno linaloifaa zaidi, nalo ni msemo wetu wa kale: kutupa mkono. Msemo huu una maana mbili. Mtu akitutupa mkono huenda amefariki. Lakini pia huenda yu hai, tena mwenye afya njema, ila ametuacha na kwenda zake. Wachunguzi wa Ulaya na Marekani wanauliza kama sekta hii imetutupa mkono kwa maana ya kwanza. Swali la Eldoret ni la maana ya pili.

Tazama jinsi biashara hii ilivyotufikia. PlayStation 2 ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2000 bei yake ilikuwa dola 299. Miaka ilivyokwenda bei ilishuka, na kufikia mwaka wa 2009 iliuzwa kwa dola 99, takribani shilingi 8,000 za wakati huo. Waliotangulia kuinunua walikwisha hamia mtambo mpya, nao ule wa zamani ukauzwa, ukasafirishwa, ukafika Nairobi, ukafika Eldoret. Ndivyo mtambo huo ulivyovuka milioni 160 ulimwenguni, na haukuuzwa na matajiri peke yao. Kanuni ilikuwa moja: mtambo ukizeeka bei hushuka, na bei ikishuka maskini naye huingia. Mwenye kibanda alinunua mitambo miwili mikuukuu, televisheni mbili na benchi. Kijana asiyeweza kununua mtambo alinunua dakika za kuucheza kwa sarafu moja au mbili. Diski moja iliazimwa, ikakodishwa, ikauzwa tena, ikapita mikono kumi.

Kanuni hiyo sasa imegeuzwa juu chini. PlayStation 5 ilianza kuuzwa mwezi Novemba 2020 kwa dola 499. Mwezi Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, bei yake nchini Marekani haikushuka bali ilipandishwa hadi dola 549. Hizo ni zaidi ya shilingi 70,000 kwa thamani ya fedha ya mwaka huo, kabla ya nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Xbox Series X, iliyoanza nayo kwa dola 499, ilifikia dola 649 mwezi Oktoba 2025. Sababu zinatajwa nyingi: ushuru mpya wa Marekani, mfumko wa bei, na ughali wa vipuri vya kumbukumbu ambavyo sasa hugombewa na wajenzi wa mitambo ya akili bandia. Sababu hizo zina uzito. Lakini matokeo yake ni kwamba ngazi tuliyokuwa tukiipanda imeinuliwa juu.

Isitoshe, diski yenyewe inaondoka. PlayStation 5 Pro iliyotolewa Novemba 2024 kwa dola 699 haikuwa na mahali pa kutia diski; kifaa hicho huuzwa mbali. Michezo inazidi kuuzwa kwa kupakuliwa kutoka kwenye duka la intaneti, na mchezo uliopakuliwa hauazimwi wala hauuzwi tena. Duka lenyewe halina mlango wetu. Kijana wa Eldoret anayetaka kufungua akaunti ya PlayStation haioni Kenya katika orodha ya nchi, na hulazimika kujiandikisha kana kwamba anaishi Marekani au Afrika Kusini. Mwezi Mei 2024 ulimwengu ulilitambua jambo hili kwa mshangao, pale Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, ikadhihirika kwamba nchi zaidi ya 170 hazimo katika mtandao wake. Kelele zikapigwa na Sony ikalegeza sharti lile.

Nasema kwa uchungu: mteja huyu analazimika kuikana nchi yake ili aruhusiwe kutoa fedha zake. Wala haisemekani kwamba hana njia ya kulipa. M-Pesa imekuwapo tangu mwaka wa 2007, na tangu mwaka wa 2022 Safaricom na Visa wamempa mtumiaji wake kadi ya kulipia bidhaa katika mitandao ya ng'ambo. Mkoba upo na fedha zimo. Kilichokosekana ni muuzaji mwenye nia.

Hali ya lugha ni iyo hiyo. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa makadirio ya UNESCO, shirika ambalo mwaka wa 2021 liliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Lakini mchezo wa kandanda unaopendwa kuliko yote vibandani, ambao zamani uliitwa FIFA na tangu mwaka wa 2023 unaitwa EA Sports FC, hauna mtangazaji hata mmoja wa Kiswahili. Vijana wetu wameliziba pengo hilo kwa vinywa vyao. Ukipita karibu na kibanda chochote utawasikia wakitangaza mechi wenyewe kwa Kiswahili cha redioni, wakimsifu mshambuliaji na kumsuta golikipa, kwa ufasaha ambao mimi mwalimu ningetamani kuukuta katika insha zao. Sekta inayolalamika kwamba haipati wateja wapya inawapita wateja hawa pasipo kuwasalimu.

Najua wapo wazazi na walimu watakaosema: heri vibanda hivyo vife, maana vinawatorosha watoto shuleni na kuwafunza kamari. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na mwenye kibanda anayempokea mtoto mwenye sare saa nne za asubuhi anastahili kufungiwa. Lakini na tuulize kijana akifukuzwa kibandani ataenda wapi. Hataenda maktabani. Ataenda kwenye simu, na humo kamari haisubiri benchi wala televisheni. Kibandani huonekana, mama anajua pa kumtafuta, jirani anajua pa kumkemea. Katika simu yuko peke yake. Takribani nusu ya mapato ya michezo ya video ulimwenguni sasa hutokana na simu, na huko mchezo hutolewa bure kisha mchezaji hunyonywa kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wenye viwanda nao wanajidanganya wakidhani kwamba watapona kwa kuwakamua zaidi wateja wachache wenye uwezo. Sisi huku tunakaa katika nchi ya wanariadha na tunalijua jambo moja ambalo wao huenda hawalijui. Bingwa wa mbio hatoki katika kundi dogo la wenye viatu vya thamani. Hutoka miongoni mwa maelfu ya watoto waliokimbia kwenda shule katika barabara za vumbi. Ukiwafungia hao njia, medali hazitakoma mwaka huu wala mwakani. Zitakoma baada ya miaka kumi, na wakati huo utashangaa zilikokwenda. Sylvia Gathoni, Mkenya aliyesajiliwa na timu ya Marekani mwaka wa 2018 kuucheza mchezo wa Tekken, na Wesley Kirinya, aliyetengeneza The Adventures of Nyangi hapa Kenya mwaka wa 2007, ni ushahidi kwamba vipaji vipo. Mchezaji wa leo ndiye mnunuzi na mtengenezaji wa kesho.

Yapo basi ya kufanywa. Wenye viwanda waifungulie Kenya duka, waweke bei inayolingana na kipato cha hapa, wabakize diski, na waitie Kiswahili katika michezo yao kama walivyozitia lugha nyingine. Serikali ya kaunti ya Uasin Gishu nayo ivitambue vibanda vya gemu kuwa biashara halali, ivipe leseni nafuu yenye masharti mawili: mwanafunzi asiingie saa za masomo, na kamari isichezwe. Vyuo vyetu, ambavyo vimejaa jijini, vifundishe utengenezaji wa michezo kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine, ili siku moja tusiwe wa kungojea mitumba ya watu.

Sekta ya mitambo ya michezo haijafa, wala haitakufa kesho. Imekwea darini na kuwaacha chini watu waliokuwa wakiisukuma. Mpanda ngazi hushuka, lakini aliyeivuta ngazi juu hana pa kukanyaga siku ya kushuka.